Kindi Kifuani mwa Mume Wangu

Nilikuwa namfunga mume wangu vifungo vya shati pale kindi alipoanguka. Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo, kama mtu kaangusha soksi, lakini sote wawili tuligeuka. Alikuwa sakafuni chini ya pazia, amelala ubavu, anajikokota kwa miguu ya mbele. Ile ya nyuma ilimfuata tu, haina kazi.

"Kaanguka," mume wangu akasema.

"Nimemwona. Ngoja nimalize hiki kifungo."

Hakungoja. Alijaribu kusimama mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akiliweza tangu alipopata kiharusi, akarudi kitini kwa kishindo kilichotikisa vikombe mezani. Akaanza kumwita binti yetu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayeita watu waje kuzima moto.

Ilikuwa majira ya baridi, miaka ya tisini inaelekea mwisho. Tulikaa kusini mwa London, ghorofa ya nne ya jengo la kaunsili, la serikali ya mtaa, ambalo lifti yake ilikuwa ikifanya kazi inapotaka. Sisi ni watu wa Unguja. Mume wangu alitoka kwao kijana, wakati watu wengi walipotoka, na hakurudi tena. Hapa alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya treni kwa miaka mingi, na fahari yake kubwa ilikuwa Kiingereza chake. Alikisema kwa ufasaha kuliko wenye lugha yao, na nyumbani akazungumza na mwanetu Kiingereza tangu utotoni, ili asije akachekwa skuli. Mimi peke yangu ndiye niliyemsemesha mtoto Kiswahili. Alinielewa kila neno, akanijibu Kiingereza. Niliona ndiyo kawaida. Watoto wa wenzetu wote walikuwa hivyo hivyo.

Kisha kiharusi kikampiga kazini, mbele ya foleni ya abiria. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Maneno yaliporudi, yalirudi machache, na yote yalikuwa ya Kiswahili. Kiingereza kiliondoka chote. Taarifa ya habari kwenye televisheni akawa anaitazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani. Madaktari walituambia hutokea hivyo kwa baadhi ya watu, na kwamba pengine kitarudi. Hakikurudi.

Basi nyumba yetu ikawa na baba asiyeweza Kiingereza na binti asiyesema Kiswahili. Mtoto alikuwa na miaka kumi na saba. Jioni alikuwa akikaa karibu na baba yake, anamweleza habari za masomo kwa lugha ile ile aliyofundishwa naye, na baba anamtazama midomo. Mara nyingine alitikisa kichwa ili kumridhisha. Mtoto alijua kuwa anatikisa tu. Baada ya muda akaacha kumweleza.

Yule kindi ndiye aliyewarudisha pamoja. Binti yangu alikuwa na kazi ya Jumamosi kwenye duka la wanyama, na mteja mmoja alirudisha kindi aliyemnunua kwa sababu anapiga kelele usiku. Si kindi wa bustanini hawa wa kijivu tunaowaona wakichimba maua ya watu. Huyu alikuwa mdogo, anaenea kiganjani, ana ngozi laini iliyounganisha mguu wa mbele na wa nyuma kila upande. Akijirusha kutoka juu huikunjua ngozi hiyo kama khanga inayoanikwa, akaelea mpaka pale anapotaka kutua. Macho yake yalikuwa meusi yanang'aa kama mbegu za stafeli.

"Panya wa kuruka," nilisema siku alipokuja naye. "Nyumba hii haitoshi shida, mpaka tuongeze panya?"

Mume wangu alicheka. Kilikuwa kicheko cha nusu mdomo, lakini cha kwanza tangu atoke hospitali. Nikanyamaza. Kindi akakaa.

Mchana alilala ndani ya kifuko cha kitambaa ambacho binti yangu alikishona kwa mkono na kumvisha baba yake shingoni. Jua likichwa aliamka, akapanda pazia mpaka juu kabisa, akatulia kidogo huku anapima kwa kichwa, kisha akajitupa. Kila mara alitua kwenye bega lile lile la kulia, bega lililokufa. Mume wangu hakuweza kumhisi. Ilimbidi ageuze shingo kutazama kama kafika, na akimwona huwa anashangaa upya, na binti yangu anacheka. Hakuna neno lililohitajika hapo.

Na kazi ya kumlisha aliichukua mume wangu. Nilikuwa nikienda Tooting kwenye maduka ya Wahindi kununua nazi, mihogo na bizari, na kila nikivunja nazi alidai sehemu yake. Aliikata vipande vidogo kwa mkono wa kushoto, kisu kikimteleza, hataki kusaidiwa. Karanga alizimenya kwa meno. Tende alizitoa kokwa. Vyote alivipanga kwenye kisahani na kungoja magharibi. Mtu aliyekuwa akihudumia stesheni nzima, sasa hiyo ndiyo kazi yake ya siku, na aliifanya kwa heshima zote.

Asubuhi ile kindi alipoanguka, binti yangu alitoka chumbani kwake mbio, akapiga magoti sakafuni. Alimgusa kindi mguu wa nyuma, kisha akaubana kidogo kwa kucha. Mnyama hakushtuka. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hahisi kitu.

"Hahisi?" mume wangu akaniuliza, kwa kuwa alisoma uso wa mtoto.

"Hahisi miguu," nikasema.

Alishusha macho, akautazama mguu wake mwenyewe. Kisha akasema, "Twende hospitali." Akataka koti lake. Nilimwambia abaki, baridi ni kali na lifti imeharibika. Akataka koti lake.

Tulimteremsha ghorofa nne, ngazi kwa ngazi, mimi nyuma nimemshika mkanda wa suruali, binti yangu mbele akirudi kinyumenyume na kifuko kimening'inia shingoni mwake. Teksi ilikuwa ikitungoja huku inapiga honi. Kabla ya kutoka nilipiga simu kazini kuwaambia sitafika. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Nikasema kuna mgonjwa nyumbani. Walidhani ni mume wangu, nami sikuwasahihisha.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyopasuka kwa kunawa. Alimpima kindi kwa upole, akampiga eksirei, akaibandika picha kwenye kioo chenye taa. Sikuwa na ujuzi wowote lakini hata mimi niliona. Mifupa ilikuwa hafifu kama imechorwa kwa penseli na mtu kaifuta.

"Mnamlisha nini?" akauliza.

Binti yangu akamtajia: karanga, nazi, tende, mbegu.

"Mara kwa mara, au kila siku?"

"Kila siku."

Daktari aliigeukia ile picha. Akaeleza kwamba vyakula hivyo, vikiwa ndiyo lishe yote, humnyima mnyama wa aina hii kalsiamu. Mwili ukiikosa kwenye chakula huichota kwenye mifupa, kidogo kidogo, na kwa nje huoni chochote. Uti wa mgongo wa huyu ulikuwa umevunjika, yumkini kwa mruko wa kawaida tu kama alivyozoea kuruka. Hakusema kwa kulaumu, lakini alisema wazi. Akauliza ni nani anayemlisha.

"Sote," binti yangu akajibu haraka.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti karibu na ukuta. Alinivuta upindo wa koti. "Kasema nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake kila mahali, hospitali, benki, kwenye ofisi za serikali, na kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Sijui ningesema nini. Binti yangu alinitangulia. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa baba yake.

"Kasema ni maradhi tu, Baba," akasema. "Yamemjia mwenyewe."

Matamshi yalikuwa ya Kizungu na neno "maradhi" lilimkwama, akalirudia. Lakini ilikuwa sentensi nzima, ya Kiswahili, kutoka kinywani mwa mtoto ambaye hakuwahi kumwambia baba yake hata "shikamoo" bila kulazimishwa. Mume wangu alimtazama muda mrefu.

"Maradhi," akasema. "Haya."

Daktari alimchoma kindi sindano ya kalsiamu, akasema tumjaribu kwa siku chache, ingawa asingependa kutupa matumaini. Akatupa dawa nyeupe nzito ya kumnywesha kwa bomba dogo la sindano lisilo na ncha. Akamfundisha binti yangu kumbonyeza tumbo la chini asubuhi na jioni ili mkojo utoke, maana mwenyewe hakuweza tena.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Nilikuwa nikitoka kuwageuza wazee wa watu, narudi kumgeuza mume wangu, kisha namshikia binti yangu taa akimbonyeza kindi. Kazi ilikuwa ile ile, kwa miili mitatu ya ukubwa tofauti. Nyumba ilinuka dawa na mkojo. Manyoya ya nyuma ya mnyama yalilowa, ngozi ikachubuka kwa kuburura, tukawa tunampaka mafuta ya mtoto. Jua likichwa aliamka kama desturi. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa akiinua kichwa kutazama pazia, akapima, akakaza miguu ya mbele, na mwili usimfuate. Alirudia mara nyingi. Kucha zake zilikwaruza kitambaa cha kifuko mpaka nikatamani niache kusikia.

Mume wangu alimshika kifuani na kumwambia, "Tulia. Tulia, bwana. Na mimi mwanzo nilikuwa hivyo hivyo."

Siku moja alitaka kumpa kipande cha nazi. Nilimwambia daktari kasema asile hiyo mpaka apate nafuu. Alikirudisha kwenye kisahani.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea siku hizo, na nisipolieleza nitakuwa nimewadhulumu baba na mwana. Binti yangu aliendelea kusema. Akirudi skuli, kabla hajavua koti, alimwuliza baba yake, "Amekunywa?" Baba akajibu, "Kanywa kidogo." "Amelala?" "Kalala, kaamka, kalala tena." Maneno yenyewe yalikuwa ya mgonjwa, hayakuvuka hapo: kula, kunywa, kulala, maumivu, mkojo. Aliyokosa aliyaomba kwangu jikoni kwa sauti ya chini, akarudi nayo sebuleni. Nilisimama kwenye sinki na kuwasikiliza, na nikaogopa kufurahi.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai. Kifuko kilianza kutikisika kifuani mwa mume wangu. Kwanza alidhani kindi anaamka, akatabasamu, kisha akaona hakomi. Alijaribu kukifungua kwa mkono mmoja, akashindwa, akaangusha kikombe. Nilipofika na kumtoa, mnyama alikuwa amekakamaa, kichwa kimepinda nyuma, macho wazi, anatetemeka mwili mzima bila ya sauti. Ilipopita alikuwa mlegevu kama kitambaa. Haikuchukua muda ikaja tena.

Tukateremka ngazi zile zile.

Daktari alimtazama kidogo tu. Alimfunika kwa taulo, akatugeukia, akazungumza polepole na binti yangu. Kwa Kiingereza, mtu akitaka kukwambia kuwa inafaa mnyama wako auawe, hakwambii hivyo. Hutumia maneno ya usingizi, kama vile mnyama atalala tu. Daktari akayatumia maneno hayo, akasema ndiyo huruma iliyobaki.

"Kasema nini?" mume wangu akauliza. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza binti yake.

Niliona mtoto anatafuta maneno. Alijua "kulala", hilo alilisema kila siku. Akaligeuza kama alivyoweza.

"Wanataka kumlaza, Baba."

Mume wangu aliinua uso. Kwa Kiswahili, anayelazwa ni mgonjwa aliyepewa kitanda hospitali. Yeye mwenyewe alilazwa majira mazima, akatoka hai. Ndugu walipopiga simu kutoka Unguja wakati ule, neno nililowajibu lilikuwa hilo hilo, kalazwa, kalazwa, na bila shaka mtoto alilisikia.

"Wamlaze!" akasema. Nusu ya uso wake iling'ara. "Wamlaze, kwa nini wasimlaze? Sisi hatuna ujuzi. Hapa wapo mabingwa. Wamlaze mpaka apone." Akamnyooshea daktari mkono wa kushoto, amshukuru.

Daktari aliupokea mkono. Alidhani kaelewa na karidhia. Akasema maneno mazuri kwamba bwana huyu ni jasiri.

Binti yangu alinigeukia, uso umembadilika. Aliona kuwa kakosea lakini hakujua wapi. "Nimesema nini?" akaniuliza, kwa Kiingereza sasa. "Mama, nimemwambia nini?"

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuisema. Nilichuchumaa mbele ya mume wangu, nikamshika magoti, moja linalohisi na moja lisilohisi.

"Baba watoto," nikamwambia. "Hawamlazi. Watamchoma sindano ya kumfisha. Haponi."

Aliutazama mkono wake ambao daktari bado alikuwa ameushika. Akaurudisha taratibu mapajani.

"Kumfisha," akasema.

"Ndiyo."

"Na mtoto kasema kumlaza."

"Hakujua. Neno limempotea tu."

Binti yangu alikuwa kasimama ameegemea ukuta, ngumi mdomoni. Nilidhani mume wangu atapiga kelele, maana tangu kiharusi hasira zilikuwa zikimjia ghafla. Hakupiga. Alimwita mwanawe kwa kidole. Alipofika, akamwambia, "Kumfisha. Sema."

"Baba, tafadhali."

"Sema, ulijue."

"Kumfisha," akasema, analia.

"Haya. Sasa mwambie daktari nataka kumshika."

Daktari alieleza kuwa kwanza lazima mnyama aingizwe kwenye kisanduku cha dawa ya usingizi, asije akaisikia sindano. Mume wangu alikubali. Alikiweka kiganja juu ya kisanduku na kuchungulia. Kindi alijikunja kama alivyozoea kujikunja kifuani, akalegea. Kisha daktari akamtoa, akamweka mkononi mwa mume wangu, na sindano akaichoma hapo hapo. Haikuonekana tofauti yoyote. Daktari alisikiliza kwa kifaa chake, akatikisa kichwa. Tulibaki hapo mpaka mwili ukaanza kupoa, kwa sababu hakutaka kumwachia, na daktari hakutuharakisha.

Tulirudi naye nyumbani. Sisi hatukuwa na bustani, ila kulikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, ambapo majani yalikuwa yakiota kiangazi. Binti yangu alichimba kwa mwiko wangu wa chuma. Ardhi ilikuwa imeganda, ikimtoka kwa makombo. Mume wangu hakuweza kuteremka tena mara ya pili siku hiyo. Nilitazama juu nikamwona dirishani, na pazia pembeni yake. Hatukupungiana mkono.

Siku zilizofuata hakutaka kukaa pale dirishani, nikamhamishia kiti upande wa mlango. Hakumenya karanga wala hakudai chochote kutoka jikoni. Jioni moja, tukiwa peke yetu, aliniuliza bila ya kunitazama.

"Ni chakula changu?"

"Daktari kasema ni maradhi," nikamwambia.

"Mtoto kasema ni maradhi," akajibu. "Daktari alikuwa anaonesha ile picha na kutuuliza maswali. Mimi sina Kiingereza. Macho ninayo."

Nilikuwa na jibu moja tu la kweli, na sikulitoa. Nilimwambia kwamba hakuna kiumbe aliyependwa kama yule. Alikubali kwa kichwa. Wala hatukulizungumza tena, naye hakumfunulia binti yake kamwe kwamba alijua. Mtoto mpaka leo anaamini kuwa alifaulu kumficha baba yake.

Mwaka uliofuata binti yangu alikwenda chuo kikuu kaskazini. Alimpigia simu baba yake kila Jumapili na kusema Kiswahili chake kile cha mgonjwa, naye alimsahihisha kwa ukali, kama mwalimu wa chuo cha Kurani kwetu. Kiharusi cha pili kilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Hicho kilichukua maneno yote yaliyobaki. Alikaa wiki chache bila ya lugha yoyote, akitufuata kwa macho mimi na binti yake, mmoja upande huu wa kitanda na mmoja upande ule, akafa mchana wakati nesi anabadilisha shuka. Sote wawili tulikuwepo.

Binti yangu ana watoto sasa, anakaa mbali. Mimi bado niko ghorofa ya nne. Mwaka mmoja baada ya msiba, jirani wa mlango wa pili alinibishia hodi. Paka wake alikuwa kazaa, na alimbeba mmoja kiganjani, wa rangi ya majivu, macho hayajafunguka vizuri. Alisema mtu mpweke hufarijika na kiumbe nyumbani. Nilimshukuru, nikamkaribisha chai, tukazungumza vizuri tu. Lakini paka nilimwambia arudi naye. Aliniuliza kama siwapendi wanyama. Nikamwambia mikono yangu imechoka.